Baba Yake Maharaji

Nyuma ya ukumbi wa jamii ile ya Wahindi palikuwa na mlango wa mbao uliopakwa rangi ya kijani, na ndani yake palikuwa na ufalme. Ufalme wenyewe ulikuwa na majiko matatu ya gesi, sufuria ambazo mtoto angeweza kuogea ndani yake, meza ya saruji ya kusukumia chapati, na mfalme mmoja mwenye magoti mabovu. Watu walimwita Maharaji. Hawakuwa wakimtania. Ndivyo wanavyowaita wapishi wa tabaka la Mabrahmani, tabaka la makuhani, na yeye alikuwa akiitwa hivyo tangu sauti yake haijawa nzito. Jina alilopewa na mama yake hakuna aliyelijua wala kuliuliza. Mtu akishapata cheo, nani tena atamwuliza jina?

Kwa msomaji asiyewajua watu hawa, niseme kidogo. Wazee wao walivuka bahari, na mengi waliyaacha kwao. Lugha ilichakaa, mavazi yakabadilika, mabinti wakasoma, wavulana wakaoa walikotaka na mama zao wakalia, wakanyamaza, wakalea wajukuu. Lakini jambo moja walilifunga vizuri kwenye mabegi, wakafika nalo salama: nani anapika, nani anakula. Kila mtu kwao huzaliwa ndani ya tabaka lake, na chakula kilichopikwa na mtu wa tabaka la chini, wa juu hakiweki mdomoni. Kilichopikwa na Mbrahmani kinaliwa na wote. Kwa hiyo jamii yenye sonara, fundi cherehani, muuza vyuma na daktari wa meno, ikitaka kukaa mkeka mmoja ikala pamoja, haina budi kuwa na mpishi Mbrahmani. Bila Maharaji, kila mtu angekula kwake na kufunga mlango.

Na mpishi alikuwa mpishi kweli. Kwanza, hakuonja. Chakula cha ukumbini lazima kwanza kipelekwe mbele ya madhabahu, na kabla hakijafika huko ulimi wa binadamu haukigusi, hata wa aliyekipika. Sasa hebu jaribu wewe kuzitia chumvi dengu za kutosha watu mia tatu bila kuonja, halafu uje tuongee. Maharaji aliinama juu ya sufuria, akafumba macho, akavuta mvuke puani, akasikiliza inavyochemka, akatupa konzi la chumvi. Mara zote ilikolea. Wake za watu walijaribu nyumbani kwao, wakaishia kulisha familia maji ya bahari.

Kasoro yake ilikuwa moja: hakuoa. Alipokuwa kijana wazee walimletea habari za mabinti wawili watatu wa Kibrahmani kutoka miji ya jirani, naye kila mara akapata sababu. Huyu mrefu, yule mbali, mwaka huu nina homa. Mwishowe wakachoka, wakasema Maharaji ameoa jiko. Akacheka nao, kisha akarudi chumbani kwake, chumba kidogo nyuma ya jiko chenye kitanda na dirisha moja, akakaa kitandani akitazama ukuta. Alipenda sana watoto. Hili nalisema wazi kwa sababu yeye hakuwahi kulisema.

Magoti yalipoanza kumgomea, jamii ikajua kuna shida. Mtu hanyanyui sufuria kwa mdomo. Walimpa wavulana wa kumsaidia, wakachoma vitu, wakaacha simu ndani ya unga, wakaondoka. Ndipo alipotokea mkwe wa Mama Kamati.

Mama Kamati alikuwa mwenyekiti wa akina mama, mjane, mwanamke mnyoofu kama rula, ambaye akiingia mahali watu walinyoosha migongo bila kujua. Mwanawe wa pekee alikuwa ameoa mji mwingine, kwa karatasi za serikali, akamleta mke nyumbani jambo likiwa limekwisha. Kila mtu alisubiri Mama Kamati aulize, "Binti wa nani? Ukoo gani?" Hakuuliza. Mwanawe alimwambia, "Ni watu wa kawaida, mama," naye akaridhika na hilo, au alijifanya ameridhika, kwani wakati mwingine mtu haulizi kwa kuogopa kujibiwa. Binti mwenyewe alifanya kazi kwenye duka la dawa, alikuwa mwepesi wa mikono na wa kicheko, na watu wote walimwita Mkwe, hata wasio wakwe zake.

"Babu, nikusaidie?" alisema siku ya kwanza, kichwa kimechungulia mlango wa kijani.

"Unajua kusukuma chapati?"

"Najua kusukuma. Kuwa duara ndiyo sijui."

Maharaji akacheka mpaka akashika ukingo wa meza. Kuanzia hapo kila Jumapili ya mlo wa pamoja alikuja. Alinyanyua, alikoroga, alichambua mchele kwa kasi kuliko mashine, na alimsimulia mzee habari za wateja wa duka la dawa, wanaume wazima wanaonong'ona kwenye kaunta. Jiko lile, ambalo kwa miaka na miaka lilikuwa na sauti ya mwiko tu, likawa na watu wawili wanaobishana juu ya bizari. Mzee alianza kuamka mapema siku za Jumapili.

Alimfundisha kila kitu, akasahau kitu kimoja. Hakumwambia kwamba hapa hatuonji. Hakuna msaidizi aliyewahi kudumu mle ndani, na kwake yeye kutoonja kulikuwa sawa na kupumua. Nani hukumbuka kumfundisha mwenzake kupumua?

Basi Jumapili moja, watu wamekwisha kukaa, Mkwe akachota dengu kwa upawa, akapuliza, akaonja.

"Babu, chumvi haijatosha," akasema.

Na kweli haikuwa imetosha. Pua ya mzee nayo ilikuwa imezeeka. Lakini hakuwahi kujibu, kwa sababu mlangoni alikuwa amesimama Mama Kamati na sinia la vyombo.

"Umefanya nini?"

"Nimeonja chumvi, mama."

"Umeonja. Kwenye sufuria ya ukumbi. Kabla ya madhabahu." Sauti haikupanda, ilishuka, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Kwenu hamkufundishwa? Hivi wewe, kwenu ni watu gani?"

Swali lile lililokuwa limefungiwa mwaka mzima likawa limetoka lenyewe, mbele ya akina mama watano waliokuja kuchukua sahani. Mkwe akaweka upawa chini. Angeweza kukwepa. Nadhani alikuwa amechoka kukwepa.

"Kwetu ni watu wa ngozi, mama. Babu yangu alikuwa akichuna ng'ombe waliokufa. Baba anashona viatu. Mwanao anajua tangu siku ya kwanza. Wewe hukuniuliza."

Mchuna ngozi, kwa hesabu za watu hawa, ndiye wa chini kuliko wa chini. Mtu angedhani sakafu imepasuka. Mama mmoja aliziba mdomo. Wanaume wawili waliitwa, wakashika sufuria kwa matambara, wakaitoa uani, wakaimwaga kwenye mfereji. Dengu za watu mia tatu. Ziliondoka polepole, zikifuka moshi, na Maharaji alisimama ukutani akiziangalia mpaka tone la mwisho. Siku hiyo jamii ilikula wali mkavu na maziwa ya mgando, na Mkwe alirudi nyumbani kwa miguu, peke yake, mume wake akimkimbilia nyuma.

Sasa ndipo niseme kile alichokuwa akikijua Maharaji pale ukutani. Wanasema siri ya mtungi aijuaye kata. Baba yake Maharaji alikuwa mchuna ngozi.

Mambo yalikuwa hivi. Mpishi wa kwanza wa jamii, Maharaji mkubwa, Mbrahmani wa damu, alipopanda meli kuja huku alikuwa mzee na mizigo mingi. Akaokota bandarini mvulana yatima wa kumbebea vyungu. Hakumwuliza ukoo, wala mvulana hakuutaja. Njiani akamfundisha kupika, maana mzee mwenyewe alikuwa hoi kwa kichefuchefu na watu wa melini walitaka kula. Hawakuwa wamekaa sana baada ya kufika mzee akashikwa homa akafariki. Watu walikuja msibani, wakawa na njaa. Mvulana akapika. Wakala, wakatazamana kwa jinsi kilivyo kitamu, na mmoja wa wazee akamwinamia akamwuliza, "Wewe ni mjukuu wake, siyo?"

Mvulana hakusema ndiyo. Hakusema siyo. Alikuwa na njaa na ugeni, na yule mzee alikuwa ameweka mkono wake kichwani kwake, kitu ambacho hakuna mtu wa tabaka lile aliyewahi kumfanyia. Alinyamaza. Baada ya wiki wakamvisha begani uzi mweupe wa Kibrahmani, wakamkabidhi funguo za jiko. Kimya kile kimoja ndicho alichoishi nacho mpaka nywele zikawa nyeupe. Hakuoa kwa sababu ya kimya kile, kwani posa huuliza ukoo, na ukoo ukiulizwa huulizwa mpaka kwenye mizizi.

Siku chache baada ya dengu kumwagwa, kamati ikatoa neno lake. Mkwe asikanyage tena jikoni. Na kwa kuwa Maharaji amechoka, ataletwa Mbrahmani halisi kutoka kwao ng'ambo, ili mambo kama haya yasijirudie. Maharaji atabaki na chumba chake, bila shaka. Jamii haitupi wazee wake.

Mzee alipata habari hizo akiwa amekaa kwenye kiti chake cha plastiki akipaka magoti dawa. Alikuwa na mambo mawili tu ya kuchagua na yote mawili yalikuwa machungu. Akisema ukweli, chumba kile kitakwenda, na yeye hana mtoto, hana ndugu, hana mbele wala nyuma. Mtu wa umri wake atalala wapi? Akinyamaza, yule binti atabeba peke yake aibu ambayo nusu yake ni ya mzee. Yeye ameheshimiwa kwa mikono ya tabaka lilelile ambalo binti ametukaniwa. Kesho yake akavaa shati safi, akaenda kwenye kikao.

Kamati ilikuwa imekaa kuzunguka meza ndefu, feni inalalamika juu. Mwenyekiti alikuwa muuza vyuma, mtu mnene mwenye huruma na jasho. Kando yake Katibu, kisha daktari wa meno, kisha wengine, na mwisho wa meza Mama Kamati, mgongo wima.

"Karibu, Maharaji, kaa," akasema Mwenyekiti. "Kama ni mambo ya mpishi mpya, usiwe na wasiwasi."

"Sikai. Nikikaa nitashindwa kuinuka, na nikishindwa kuinuka nitashindwa kusema." Akavuta pumzi. "Mimi si Mbrahmani."

Feni ikaendelea.

"Baba yangu alikuwa anachuna ngozi. Kama wa kwao yule binti. Yule mzee wa kwanza hakuwa babu yangu. Mimi nilimbebea vyungu tu. Mlidhani, nami sikuwakatalia. Kama mikono yake binti inachafua, basi yangu imewachafua zamani. Kama yangu haijawachafua, basi mmemwaga dengu bure na mmemliza mtoto wa watu bure. Nimemaliza."

Katibu alikuwa wa kwanza kucheka, kicheko kifupi cha mtu asiyejua aweke wapi mikono. Daktari wa meno, ambaye ndiye daktari pekee waliyekuwa naye, aliinuka akamshika mzee kifundo cha mkono.

"Maharaji, umekula asubuhi?"

"Nimekula."

"Unajua leo ni siku gani?"

"Siku ya wewe kuniachia mkono wangu."

Daktari akahesabu mapigo, akageukia wenzake. "Mapigo yako sawa," akasema kwa masikitiko.

"Ni uzee," akasema Katibu. "Mama yangu naye karibu na mwisho alisema yeye ni malkia."

"Malkia ni kupanda," akajibu Maharaji. "Umeona wapi mtu anaweweseka akishuka?"

Hapo Mwenyekiti akainuka. Uso ulikuwa umemwiva, na alipofungua mdomo sauti haikuwa ya muuza vyuma, ilikuwa ya mtoto.

"Maharaji, nisikilize. Nilizaliwa, ukapika wewe. Nikaoa, ukapika wewe. Baba alipofariki, siku ya kumi na tatu, siku ya kuwalisha makuhani ili marehemu apate kwenda, ulipika wewe. Walikuja makuhani kutoka mji wa pili, wakala, wakaongezewa. Sasa unataka kuniambia nini? Kwamba baba hakufika? Kwamba miaka yote hii yuko njiani?" Macho yalikuwa yamejaa. "Wewe ni Mbrahmani, tafadhali."

Maharaji akamtazama. Alikuwa amemjua huyu tangu akitambaa chini ya meza ya chapati akiiba unga. Alikuwa amekuja amejiandaa kwa matusi, kwa kufukuzwa, hata kwa kupigwa. Hakujiandaa kwa hili. Aliwapitishia macho mmoja mmoja akaona si wajinga, wala si wabaya, wanaogopa. Kila mmoja pale alikuwa na maiti aliyesindikizwa kwa chakula chake na ndoa iliyofungwa kwa wali wake. Ukweli wake ungewapokonya mpaka makaburi, kama watu wanaochoma wafu wao wangekuwa na makaburi. Aliwahurumia, na akakasirika, vyote kwa pamoja.

"Kwa hiyo mimi ni nani?" akauliza.

"Wewe ni Maharaji wetu. Mbrahmani wa jamii hii."

"Hilo ni neno lako au la kamati?"

"La kamati. Wanaokubali wanyooshe mikono."

Mikono ikanyooka haraka, ikigombania kwenda juu. Mkono wa Mama Kamati peke yake ulibaki mapajani, lakini kwa pupa ile hakuna aliyemwangalia.

"Haya," akasema mzee. Sasa akavuta kiti, akakaa, taratibu, goti moja baada ya jingine. "Nimekubali. Mimi Mbrahmani. Sasa niambieni, kati ya Mbrahmani na muuza vyuma, nani anayejua kipi ni safi jikoni na kipi si safi?"

Mwenyekiti akapangusa jasho. "Wewe, bila shaka."

"Na kati ya Mbrahmani na daktari wa meno?"

"Maharaji..." akaanza Katibu, ambaye kidogo alikuwa ameanza kunusa mtego.

"Basi sikilizeni neno la Mbrahmani. Mikono ya yule binti ni safi. Kuonja lilikuwa kosa langu, sikumfundisha. Jumapili atapika pamoja nami, na mpishi halisi mumwache huko aliko, maana mnaye halisi hapa, mmempigia kura sasa hivi. Asiyetaka kula aseme wazi kwamba Maharaji hajui usafi. Akisema hivyo, basi tuanze tena ile habari ya baba yangu."

Mwenyekiti akatazama dari, labda alikuwa anamtafuta baba yake. Kisha, akiwa bado ana machozi, akaanza kutikisika kwa kicheko.

"Mzee umetufunga," akasema. "Umetufunga kamba miguu na mikono."

Jumapili ilifika. Mkwe alikataa kuja mpaka Maharaji alipokwenda mwenyewe kumgongea, kwa miguu ile, akipumzika kwenye kila kizingiti cha duka. Walipika. Watu walikaa kwenye mistari kama kawaida, sahani zikawekwa, na mikono yote ikabaki hewani ikimsubiri Mwenyekiti. Naye akafumba macho kama mtu anayekunywa dawa ya minyoo, akala tonge la kwanza. Akafumbua macho. Akala la pili. Baadaye akaomba aongezewe, na ukumbi ukashusha pumzi.

Mama Kamati hakula. Alisema amefunga. Jumapili iliyofuata alikuwa amefunga tena, na ile nyingine pia, hata watu wengine wakaanza kumwona mtakatifu.

Kwa macho ya watu, mzee alishinda. Mwenyewe hakuona hivyo. Alikwenda kutua mzigo, wakamfunga nao vizuri zaidi, kwa kura. Mkwe aliliona hilo siku moja wakichambua mchele, alipomwambia, "Babu, uliwaweza," naye hakucheka.

"Niliwaweza, ndiyo. Lakini wewe unaamini nilichowaambia?"

Mkwe akaacha mchele. Habari zilikuwa zimezagaa, kila mtu akizisimulia kama kichekesho cha mzee aliyetaka kumtetea binti. "Nilidhani ulidanganya kwa ajili yangu," akasema polepole.

"Nimedanganya mara moja tu, na wala sikufungua mdomo." Akachagua jiwe kwenye ungo, akalitupa. "Mwanangu, nikifa watanichoma kama Mbrahmani, na watanitajia ukoo wa mtu niliyembebea vyungu. Hilo siwezi kulizuia. Lakini baba yangu alikuwa na jina lake. Alinibeba mabegani kwenda mtoni kuosha ngozi, alinipa mkia wa ng'ombe nichezee, na alikufa nikiwa sijui hata kumlilia. Tangu nivuke maji sijamtaja kwa mtu. Wewe utakuwepo. Mtaje, hata kimoyomoyo."

Akamtajia. Lilikuwa jina la namna ile ambayo wenye ardhi kule kwao waliwapachika watoto wa wachuna ngozi, ili popote mtu atakapojitaja ajulikane. Maana yake ni takataka za kufagiwa. Mwingine asingelibeba. Mkwe alilirudia mara mbili, kwa utulivu, kama mtu anayejifunza jina la mkwe mpya. Mzee akainama juu ya ungo, na mabega yakatikisika, naye binti akamwekea mkono mgongoni akakaa hivyo mpaka alipotulia.

Alifariki mwaka uliofuata, usingizini, chumbani kwake. Jamii ililia kweli. Maduka yalifungwa, na mwili ukaletwa ukumbini, ukalazwa chini mbele ya watu, wanaume upande mmoja na wanawake upande mwingine, mlango wa kijani ukiwa wazi na majiko yamezimwa. Kuhani wa mji wa pili aliketi karibu na kichwa cha marehemu akaanza kusoma. Alipofika mahali fulani akasimama.

"Mwana wa nani?"

"Mjukuu wa Maharaji mkubwa," akajibu Mwenyekiti.

"Babu si baba. Nahitaji jina la baba. Mwana wa nani?"

Wanaume wakatazamana. Walikuwa wamekula mikononi mwake tangu kuota meno, na hakuna aliyejua. Kuhani akasema kwamba kukikosekana jina, yapo maneno ya jumla yanayotumika kwa watu wasio na wazazi, basi atayatumia hayo.

"Lipo," akasema Mkwe.

Alikuwa amesimama katikati ya wanawake. Akalitaja. Hakulitaja kimoyomoyo.

Wazee wote waliijua namna ile ya jina. Ilikuwa kama mtu ameangusha sahani. Mwenyekiti akainamisha kichwa, kuhani akalishusha ua alilokuwa ameshika, na Katibu akasema kwa upole, maana msibani mtu hapandishi sauti, "Binti, umechanganya. Kaa chini."

Aliyejibu hakuwa Mkwe. Mama Kamati alikuwa ameinuka, akajisogeza mpaka bega lake likagusana na la mke wa mwanawe.

"Hajachanganya," akasema. "Yule mzee alikuja kutuambia mwenyewe, kwa miguu yake, na sisi tukampima mapigo. Mimi nilimwamini siku ileile. Ndiyo maana nilishindwa kula, na ndiyo maana nina aibu." "Kuhani, nani amekwambia uchague? Umeomba jina la baba yake, umepewa. Litaje."

Kuhani akamtazama Mwenyekiti. Mwenyekiti aliutazama mwili uliolala pale, miguu iliyokuwa imevimba magoti, mikono iliyounganishwa kifuani. Kisha akatikisa kichwa kukubali.

Basi kuhani, ambaye naye alikuwa amekula chakula cha jiko lile zaidi ya mara moja na kuongezewa, akaanza tena maneno kutoka mwanzo. Alipofika pale akalitaja jina la mchuna ngozi kwa sauti, na kama desturi inavyotaka, ukumbi mzima ukalirudia baada yake.